Mzingo wa Kumi na Mbili

Fwaa, tuu. Fwaa, tuu.

Kamba ikiangukia sakafu ya saruji gizani haitoi kelele kuzidi ya paka anayeshuka mezani, lakini mwizi huisikia kama ngoma. Nami alfajiri ile nilikuwa mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Mume wangu Tharcisse amelala nyuma ya pazia pamoja na binti yetu Mignonne, na mimi nimepiga magoti karibu na mlango, naikunja upya kamba ambayo mwanamke haruhusiwi hata kuishika.

Ilikuwa kamba halisi ya kupandia milima, si ile ya nailoni ya sokoni inayofungia magunia. Ya buluu, imesukwa kwa nje kama ngozi ya nyoka, laini, nzito mkononi. Tharcisse aliinunua kwa mtu wa utafiti wa madini aliyekuwa akihama Kolwezi, na tangu siku hiyo ndiyo iliyomteremsha shimoni asubuhi na kumrudisha kwangu jioni. Wachimbaji wa kule karyeri, machimboni, wana miiko yao. Husema madini hukimbia harufu ya mwanamke. Mke hafiki kwenye mdomo wa shimo, hashiki nyundo ya mumewe, na kamba ndiyo haigusi kabisa, sembuse kuiruka.

Lakini Tharcisse hakujua kukunja. Aliizungusha kwenye kiwiko haraka haraka, na kila mzingo ukabaki na msokoto ndani yake, kama neno lililomezwa. Kamba ya namna hiyo ukiivuta kesho inakuja na mafundo, na fundo likikwama kwenye gogo la mdomo wa shimo, aliye chini hubaki akining'inia gizani huku walio juu wakitukanana. Mimi nilifundishwa na baba yangu, marehemu Tshiamala, fundi wa nguzo za umeme, mtoto wa wale Wakasai walioletwa kwa treni kufanya kazi migodini. Nilikuwa na miaka tisa. "Kamba haikunjwi kwa nguvu, mama," aliniambia. Sisi baba humwita binti yake mama. "Inabembelezwa." Kila pima ya mikono ni mzingo mmoja, na kila mzingo kidole gumba kinaupa nusu zamu kwenda mbele, ulale juu ya mwenzake bila kinyongo.

Miezi mitano nilifanya hivyo kila alfajiri kabla hajaamka. Miezi mitano Tharcisse akawatambia wenzake: "Kamba yangu haijui fundo!" Nami nikimimina chai nikainamisha uso nisicheke.

Kukunja ni kusoma. Kwenye masomo ya jioni ninakojifunza kusoma, mwalimu hutuambia twende polepole, herufi hazikimbii. Na kamba nayo haikimbii. Ilinieleza mambo ambayo mume wangu hakunieleza. Mwanzoni vumbi jekundu liliishia mzingo wa nane. "Hatuvuki mita kumi na tano," alisema akitafuna bukari, ugali wetu, na kamba ikaafiki. Wiki ile niliona udongo wa kijivu, umelowa, umepanda hadi mzingo wa kumi na sita. Hizo ni karibu mita thelathini, na kuna maji. Sikumuuliza. Mwizi atamuulizaje mwongo?

Alfajiri ile vidole vyangu vilifika mzingo wa kumi na mbili, vikazama.

Nikavisimamisha. Nikavirudisha nyuma, nikavipitisha tena. Kwa nje ngozi ya kamba ilikuwa nzima, hakuna hata uzi uliochomoka. Ndani hamkuwa na kitu. Ilikuwa kama kushika mkono wa mtoto ukakuta mfupa haupo. Sijui ni jiwe lililoiangukia, sijui ni tindikali ya malori iliyodondoka mahali ilipolazwa. Baba alizoea kusema kamba huanza kufa kwa ndani, na ngozi ndiyo ya mwisho kupewa habari. Nilirudia mara tatu, kama mtu anayesoma barua ya msiba akitumaini amekosea jina.

Kisha nikamaliza kuikunja, vizuri kuliko siku zote. Mikono ina ujinga wake.

Kulipopambazuka nilimfuata Tharcisse uani akinawa uso.

"Baba Mignonne, leo usishuke."

"Juu ya nini?"

"Ile kamba. Ninaona kama imechoka."

Akacheka, maji yakimtiririka kidevuni. "Imekuambia weye? Mi ndiye nachoka, mama. Kamba inalala tu."

"Iko na mahali pamelegea."

Taulo likasimama usoni pake. "Umejua namna gani?"

Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lilikuwa na miezi mitano nyuma yake, asubuhi zote zile nilizomwacha ajisifu mbele ya watu kwa kazi ya mkono ulioharamishwa. Nilimwonea huruma. Nilijihofia pia.

"Nimeota," nikasema.

"Umeota." Akanitupia taulo. "Basi lala tena, uote tumepata nyumba ya matofali."

Hapo pikipiki ikaingia uani imebeba watu wawili. Mbele alikuwa Kabemba, mkubwa wa kikundi chao, mtu mfupi mwenye maneno mafupi vilevile. Nyuma yake Merdi, kijana wa Kasaji mwenye miaka ishirini na sita, ambaye mdomo wake haukuwahi kupewa likizo.

"Mama Mignonne!" Merdi akaita kabla hajashuka. "Mikate ya leo inaona haya kutoka jikoni, ama ni mi ndiye ninatisha?"

"Unatisha," Mignonne akajibu kutoka mlangoni, naye Merdi akajishika kifua kama aliyepigwa risasi.

Tharcisse alitoa kamba nje, akailaza chini mbele ya kizingiti, akaingia kutafuta tochi yake ya kichwani. Ililala pale, duara juu ya duara, nzuri ya kutazamwa. Nikahesabu kwa macho hadi kumi na mbili. Kabemba alikuwa akijaza mafuta kwenye tangi kutoka kwenye chupa. Merdi anatafuna mkate. Tharcisse akatokea, akainama kuichukua.

Nikapandisha kitenge hadi magotini, nikairuka.

Kwa kuwa moyo wangu haukuridhika, nikageuka nikairuka tena, kurudi nilikotoka.

Mkate ukabaki mdomoni mwa Merdi.

"Eh!" akasema hatimaye. "Mama ameruka kamba."

"Honorine," Tharcisse akaniita jina langu, ambalo halitumii mbele za watu. "Unafanya nini?"

"Unaona ninachofanya. Nimeiruka, na kwa makusudi. Sasa nani atashuka nayo?"

Nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha shingo. Mimi nisiyeamini miiko hiyo nilikuwa nimeishika kama ufunguo, nikafunga mlango, nikautia ufunguo kifuani. Wataniita mchawi. Na waniite. Mchawi mwenye mume ana heri kuliko mtakatifu mjane.

Kabemba hakupaza sauti. Alifunga chupa yake ya mafuta, akaenda kwenye mbabula yangu, jiko la makaa lililozimika tangu jana, akachota majivu, akainyunyizia kamba kidogo, kama anayeondoa mkosi. Akafuta kiganja kwenye suruali.

"Mama," alisema kwa upole ulionitisha, "weye ni mutoto wa mji, hakuna mwenye alikufundisha. Muke akiruka kamba, haharibu kamba. Anaharibu bwana yake. Kamba haina muke." Akamgeukia Tharcisse. "Unabaki. Wiki nzima, usisogee karibu na shimo. Merdi atashuka pa nafasi yako."

"Shefu, kamba ni yangu!" Tharcisse alisema.

"Kamba ni yako, na fungu lako utapata. Lakini kivuli chako hatutaki."

"Mi sina muke!" Merdi akashangilia. "Hakuna wa kuniruka!" Akaiokota kamba, akaitia shingoni na kwapani, akaipigapiga. "Na angalieni vile imekunjwa. Haki, Tharcisse, hapa nakusalimu. Haijui fundo."

Mdomo wangu ulifunguka. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi, tayari. Ndipo nikamwona Tharcisse amejitupa kwenye kigoda, amekunja uso, miguu yake miwili ndani ya kandambili, juu ya ardhi, kwenye jua. Hai. Furaha ikanijaa, furaha chafu yenye uvuguvugu, kama maji aliyokwisha kuogea mtu mwingine. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Merdi aliinama mbele ya Mignonne. "Madamu Direktrisi, unaniruhusu niende kazi?"

"Nenda," mtoto akasema kwa madaha.

Akaenda.

"Umenipaka matope mbele ya batu," Tharcisse alisema vumbi lilipotulia. Niliwasha mbabula. Nilipuliza makaa, nikabandika maji, na kila nilipopuliza nikaiona pikipiki ile: sasa wanavuka reli. Sasa wanapita wauza mafuta ya chupa. Sasa wanaacha lami. Nilijiambia kwamba huenda nilikosea, kwamba gizani vidole hudanganya. Nilijiambia kwamba Merdi ni mwepesi kuliko Tharcisse. Nilijiambia kwamba kila mtu ana Mungu wake, na nikasikia maneno hayo yalivyo, nikayaonea aibu kana kwamba yametamkwa na jirani nisiyempenda. Merdi ana mama. Anauza mihogo karibu na stesheni ya Kasaji. Mwezi uliopita alinitumia unga kwa mwanawe, na salamu: *mwambie mama huyo anilindie mtoto.*

Na nani alimfungia mwanawe kifo kizuri hivyo, kisicho na fundo hata moja? Kamba mbovu iliyokunjwa ovyo ingewakwaza, wangeikagua, wangelaani, labda wangeona. Mimi niliwalainishia njia.

Maji yakaanza kuimba.

"Tharcisse," nikasema. "Sikuota."

Hakugeuka.

"Ni mimi ninayeikunja kamba yako. Miezi mitano. Kila alfajiri, ukiwa umelala. Leo nimepapasa nikakuta imekufa ndani. Ngozi tu ndiyo imebaki."

Nilingoja kofi, ingawa hakuwahi kunipiga. Aligeuka polepole, akatazama si uso wangu bali mikono yangu, muda mrefu, kama anayeitazama mikono ya mtu aliyetambulishwa kwake sasa hivi.

"Raundi ya ngapi?" aliuliza.

"Ya kumi na mbili. Kutoka upande wa kujifungia kiunoni."

Akafumba macho. Nikamwona anashuka kichwani mwake, mkono baada ya mkono, midomo ikihesabu. Akafika mahali akafumbua macho, na rangi ya uso wake haikuwa ile ya mwanzo.

"Mpaka raundi ya kumi na mbili kuna vishimo vya kuweka miguu," alisema. "Pale shimo linapanuka. Ukuta unakuacha. Uzito wote unabebwa na kamba." Kisha, kama mtu anayekiri naye zamu yake: "Chini ya pale kuna maji, Honorine. Nilikudanganya."

"Najua. Kamba iliniambia."

Akanyakua simu mezani, akakumbuka kwamba haijapata umeme siku mbili, akaiacha. Akamwita jirani ng'ambo ya ua, "Ntambwe! Pikipiki yako!" na mke wa Ntambwe akajibu kwamba mumewe amekwenda nayo Lubudi. Tharcisse akavua kandambili. Wakati anapita mlangoni alinishika kiganja, akakifunga ndani ya chake mara moja, kwa nguvu hata kikauma. Sijui kama ilikuwa hasira au msamaha. Akaondoka mbio, peku, kwenye barabara ya vumbi, na mimi niliyeviziba vichochoro vyote asiende shimoni nikawa namsukuma kwa macho aende upesi zaidi.

Nikaketi kizingitini. Nilikuwa na matumaini. Mimi ni mtu wa matumaini, hata baba alinicheka kwa hilo. Merdi huchelewa. Merdi hawezi kupita kibanda cha sigara bila kusimama kutania, na akianza kusimulia, Kabemba mwenyewe husahau saa. Na majivu huenda yamewatia shaka kidogo, wakaivuta ile kamba, wakaijaribu kwenye gogo. Nilimwona Tharcisse akifika pale anahema, akiwakuta bado wanabishana nani atabeba betri, na Merdi akicheka: tazameni, mtu aliyerukwa na mke wake amekimbia kuja kutusalimia! Nikamwona akicheka hivyo, nikaona hata pengo la jino lake la pembeni.

Malori ya mawe yalipita barabara kuu, moja baada ya lingine, ardhi ikatetemeka chini ya kizingiti kama kawaida ya kila siku. Kisha yakaacha kupita. Sijawahi kuyasikia yakiacha saa ile. Nyuma yangu maji yalimwagika juu ya makaa, yakafoka, na sikuinuka.

Mignonne alikuwa amepanda juu ya dumu la maji karibu na ua wa mabati, ameshika ukingo kwa vidole, anachungulia njia iendayo karyeri. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Mama, batu banakimbia ku karyeri."