Mtoto wa Ziwa

Mwaka 1972, nilipokuwa nimerudi Unguja na shahada yangu mpya ya udaktari, Bi Kidawa, mshonaji wa Mlandege, alikuja kuniuliza kama naye atakufa kijana.

Mama yake, Bi Mwamvua wa Chwaka, alikufa kwa saratani ya utumbo akiwa na miaka arobaini na mbili. Ikamchukua kaka yake Kidawa, Ame, kisha Mcha. Kwa hofu hiyo Kidawa alimweka Muhiddin miaka mitatu bila ya jibu la posa yake. Siku hiyo Muhiddin alikuwa amekaa kwenye benchi, nje ya mlango wangu.

Nilichora ukoo wao kwenye karatasi: wanawake viduara, wanaume visanduku, waliougua nikawajaza wino.

"Tunacheza bao, Daktari?" Kidawa akaniuliza.

Nikamweleza kuwa maradhi kama yale pengine hurithiwa, na hapo kila mtoto anayezaliwa na mwenye asili hiyo bahati yake ni nusu kwa nusu. Kisha nikamuuliza yeye alizaliwa baada ya Ame au baada ya Mcha.

"Mimi sikuzaliwa pale. Mimi mtoto wa ziwa."

Aliyemzaa alifariki kabla ya arubaini yake kutimia, na Bi Mwamvua, aliyekuwa akimnyonyesha Mcha, akampa ziwa la pili. Kidawa hakuona haja ya kunambia. Kwa dini Ame na Mcha ni kaka zake, asingeweza kuolewa na yeyote kati yao. Basi na maradhi yao ni yake.

Nilicheka kwa furaha. Nikamwambia maziwa hayapitishi asili ile. Hatari yake ni kama yangu mimi, kama ya mtu yeyote.

Akajifunika uso kwa buibui. Alinisimulia kuwa kila asubuhi hujipapasa tumbo, na ndani ya hofu ile humhisi mama yake yu karibu. Watu walizoea kumwambia hafanani naye, si pua, si sauti.

"Hata maradhi yake sikurithi," akasema.

Nikamuuliza kama nimwite Muhiddin.

"Mwambie aje kesho, jibu lake la kheri. Leo niache nimlilie mama yangu."

Nikatoka, nikaufunga mlango polepole.