Damu ya Rabiata

Rabiata alikuwa na miaka hamsini na tisa, na ilibaki miezi miwili aolewe. Watu wa Ambatoloaka, pale kisiwani Nosy Be, Madagaska, alipokuwa mpishi wa hoteli tangu mwaka 1979, walicheka waliposikia. Yeye alicheka zaidi. Mchumba wake Maoulida, mjane kama yeye, fundi mstaafu wa injini za feri ya Katsepy, alimpigia simu kila alasiri kumwuliza amepika nini.

Ndipo mguu wa kushoto ukamgeuka. Mwanzoni uliuma akipanda ngazi za jikoni, baadaye ukauma hata ameketi. Vidole viwili vikawa vyeusi, kidonda kikaota kisiginoni. Sukari ilikuwa imemla mishipa kwa miaka. Daktari wa kisiwani hakuzunguka: ukatwe juu ya goti.

"Mguu ni wangu," Rabiata alijibu. "Acha nikaulize kwingine kwanza."

Akaenda hospitali ya mji wa Mahajanga. Daktari Zaïnaba, mpasuaji wa mishipa, alisema Kifaransa na wanafunzi wake na Kimalagasi na wauguzi, lakini alipofika kitandani kwa Rabiata aliinama, akamwamkia kwa Kikomoro, lugha ya nyumbani kwao.

"Kwezi, mama."

"Mbona, mwanangu," Rabiata aliitikia, kama mtu asemavyo marahaba, na hofu ikapungua kidogo.

Daktari alivuta kiti. "Mshipa umeziba, lakini naweza kuipitishia damu njia nyingine. Kinachonitia wasiwasi ni damu yenyewe." Kwa miaka mitatu alikuwa akipima damu ya wagonjwa wenye miguu kama ule na kuandika kilichowapata. "Wenye protini ya uvimbe juu, na albumini, ile protini ya lishe, chini, wengi walipoteza mguu hata baada ya upasuaji. Wengine walipoteza uhai. Yako leo inafanana na yao."

"Basi damu imeshanihukumu?"

"Haihukumu, mama, wala haitoi ahadi. Inatuonyesha pa kuanzia. Tusafishe kidonda, tuue vijidudu, tushushe sukari, nawe ule vizuri. Tuna siku kumi. Zaidi ya hapo mguu hautatungoja."

Maoulida, aliyesimama mlangoni akisikiliza, aliyachukua maneno hayo kama amri. Kila asubuhi alivuka ghuba kutoka Katsepy na samaki, mayai na dengu alizopika mwenyewe. Rabiata, aliyelisha wageni miaka thelathini na mitano, alionja, akamtazama.

"Samaki huyu umempika au umemwogesha?"

"Mle hivyo hivyo. Ni albumini."

Neno hilo alilitamka kwa fahari, kama jina la shemeji yake mwenye cheo. Rabiata alicheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka naye, kisha akala mpaka mwiba wa mwisho. Siku ya sita usaha ulikauka.

Siku ya kumi walimtoa damu tena. Alingoja majibu ameushika mkono wa Maoulida. Daktari Zaïnaba alikuja nusu anakimbia, karatasi mkononi.

"Protini ya uvimbe ilikuwa tisini na sita, leo kumi na nane! Albumini ilikuwa ishirini na saba, leo thelathini na moja. Si damu ya msichana, lakini kesho tunapasua."

Upasuaji ulichukua saa tano. Rabiata alipozinduka alimwona daktari ameweka kidude kidogo juu ya unyayo wake, nacho kikitoa sauti: shuu, shuu, shuu.

"Nani anahema hapo?"

"Ni damu, mama. Imefika."

Maoulida alilia kwa sauti. Muuguzi akamwambia anyamaze, naye muuguzi mwenyewe anafuta macho.

Vile vidole viwili havikupona, vikaondolewa. Harusi ilisogezwa wiki sita, ikafanyika Mahajanga, kwa dada yake Maoulida. Daktari Zaïnaba alikuja amevaa nguo ya rangi ya dhahabu, akamwambia bibi harusi kwamba baada ya miezi sita atamhitaji tena kwa sindano ya kupima damu.

"Njoo utoe hata ndoo," alisema Rabiata.

Halafu harufu ya pilau ikamfikia, akahisi iliki imepungua. Aliweka fimbo yake ya kutembelea pembeni, akajipenyeza jikoni na hina yake mikononi, akafunua sufuria. Mashangazi walimwona, wakapiga kelele, wakamfukuza na miko. Rabiata akatoka mbio, au karibu na mbio, mdomo umejaa wali, akicheka.