Kobe Kwenye Sinki

Mume wangu ni fundi saa. Anaweza kutumia saa nzima akitafuta skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, lakini neno la mkewe halikai sikioni mwake dakika mbili. Kobe alipewa na mteja aliyekuwa anahama. Akamleta nyumbani ndani ya boksi la viatu, akampa jina la Bosi, na tangu siku hiyo mimi nikawa mpangaji.

Kila Jumapili alimwogesha Bosi kwenye sinki la jikoni, akimsugua gamba kwa sponji ile ile ninayooshea vyombo. Kisha alimwachia atambae kwenye mkeka na binti yetu wa miezi tisa, umri ambao kila kitu huishia mdomoni.

"Huyo mwogeshee nje," nilimwambia. "Hapo naosha chupa za mtoto."

"Kobe hang'ati, hanuki, hapigi kelele. Msafi kuliko wageni wako."

Nilisema mpaka nikachoka. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Mtoto akaanza kuharisha. Siku ya kwanza wifi yangu, tunayeishi naye, alisema ni meno. Siku ya pili mume wangu akasema ni maziwa yangu, lazima nimekula kitu. Siku ya tatu choo kilikuwa na damu, mwili unachoma kama pasi, na mtoto analia machozi hayatoki. Sikungoja kikao. Nilimbeba nikaenda hospitali, mume wangu nyuma yangu akiuliza kama nimezima jiko.

Nesi alimtundikia dripu, akachukua choo cha kupeleka maabara, akauliza, "Nyumbani mnafuga mnyama?"

"Hapana," akasema mume wangu.

Nikamtazama. "Tuna kobe."

"Kobe naye ni wa kuhesabu?"

Nesi akaweka kalamu chini. "Kobe, mijusi, nyoka, wengi wana vijidudu vya salmonela tumboni, na wenyewe hawaugui. Vinatoka na kinyesi, vinabaki kwenye gamba, kwenye maji, kwenye mikono yenu. Mtu mzima huumwa tumbo siku chache akapona. Kwa mtoto mdogo vinaweza kuingia hadi kwenye damu. Mnamwogeshea wapi?"

Mume wangu akageuka kusoma bango la chanjo ukutani.

"Jikoni," nikajibu mimi.

Majibu ya maabara yalithibitisha: salmonela.

Tulikaa wodini siku sita. Siku ya nne, mtoto aliponyonya bila kutapika, mume wangu aliketi ukingoni mwa kitanda, akasema taratibu, "Uliniambia." Nilikuwa na maneno ya kujaza gunia. Lakini alikuwa ameushika mguu wa mtoto kwa mikono miwili, hauachii. Nikayameza.

Bosi alihamia kwa mwalimu wa sayansi asiye na watoto wadogo, mwenye uwanja na beseni la kobe peke yake. Sponji niliitupa, sinki nikalisugua kwa dawa mara tatu.

Juzi dada yangu alikuja kutusalimu, akataja jirani yake anayetaka kufuga mjusi. Mume wangu alimsomesha nusu saa nzima, mpaka akamwonyesha jinsi ya kunawa katikati ya vidole.

"Haya mambo, shemeji," akamalizia, "mimi nimeyasema siku nyingi. Watu hawasikii."

Nikaomba radhi, nikatoka nje kupata hewa.