Masale ya Sebuleni

Kaka yangu Loth alipaka upande wake rangi ya samawati kwa sababu alijua naichukia. Hakuna sababu nyingine. Alikuwa na ndoo ya rangi nyeupe tayari, lakini akaibeba mpaka dukani kwenda kuibadilisha, akarudi anapiga mluzi ngazi nzima. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayegawana naye sebule.

Fleti yenyewe ni ya zamani, iko ghorofani juu ya maduka, hapa Same mjini, karibu na reli. Baba yetu, mzee Eliufoo, aliinunua enzi akifanya kazi ya reli kule Makanya. Akaipangisha miaka na miaka, kisha akafa bila kusema ni ya nani. Wapangaji wa mwisho waliiacha hoi. Dari ilikuwa imebonyea, nyaya zinaning'inia, sinki limepasuka, na sakafu ilikuwa nyeusi kwa masizi hata huwezi kujua imejengwa kwa kitu gani.

Baada ya arobaini ya baba, ukoo ulikaa kikao Mbaga, nyumbani kwetu milimani. Mama alikuwa amebaki peke yake kule juu na moyo unamsumbua, na hospitali iko huku chini. Baba mdogo Melkizedeki akakata shauri. Mama ateremke Same, akae kwenye fleti.

"Na mtoto atakayekaa na mama," alisema, "fleti ni yake. Sitaki kusikia kesi. Tuombe."

Wote wakainamisha vichwa. Nilifumba jicho moja tu, nikamkuta Loth naye kafumba moja.

Fleti niliitaka, sikatai. Nimechoka kuhamahama vyumba vya watu na cherehani yangu. Lakini mama nilimtaka zaidi. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kulelewa kwa shangazi, Shighatini, na Loth akabaki nyumbani. Yeye ndiye aliyemenyewa viazi, yeye ndiye aliyefunikwa blanketi baridi ilipozidi. Mimi mama nilimwona Krismasi. Sasa amezeeka, na niliona zamu yangu imefika, na nilikuwa tayari kumng'ata mtu yeyote atakayeisogelea.

Siku iliyofuata nilifika kwenye fleti na ndoo na brashi. Loth alikuwa ndani tayari, kavua shati, anabandua plasta iliyooza.

"Umefuata nini?" akaniuliza.

"Kilichokuleta wewe."

"Mimi ndiye mkubwa, Rogathe."

"Mkubwa wa tumbo."

Ndivyo tulivyoanza kukarabati. Hakuna aliyekuwa na fedha, kwa hiyo kila mmoja alitegemea ujanja wake na hasira yake. Hasira ilifanya kazi kubwa zaidi. Nilipiga magoti nikasugua sakafu kwa jiwe la msasa na sabuni ya unga mpaka terazo ikatokea, nyekundu yenye madoa meupe, nzuri hata nikaikalia na kuicheka peke yangu. Kitanda nilikipata kwenye gesti iliyofungwa, kimelegea, nikakikaza kwa bolti za baiskeli. Mapazia niliyashona kwa mashuka ya mitumba. Kabati la mama nililiunda kwa mbao za mapaleti, nikazipiga randa mwenyewe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Chini nikatandika zulia la katani, asikanyage baridi akiamka.

Loth anafanya kazi kwenye machimbo ya jasi, mawe ya kutengenezea jipsamu, kule Makanya, basi akajiona ndiye bingwa wa dari. Aliokota mabao ya jipsamu yaliyovunjika pembe, akayaunganisha juu ya chumba chake, akaficha viungo kwa maua ya plasta. Kisha akafunga taa zinazobadilika rangi, utadhani mama anateremka Same kuja kucheza disko. Kila nilipomaliza kupaka ukuta, yeye alianza kutoboa wake, na vumbi lote likaja kukaa kwenye rangi yangu mbichi. Nikalipiza. Niliosha sakafu kwa maji mengi kuliko ilivyohitaji, yakaenda kuloweka magunia yake ya saruji.

Vyumba ni viwili, kimoja kila upande, kwa hiyo vita halisi ilikuwa sebuleni. Leo naweka kochi, kesho nalikuta barazani. Yeye anaweka meza, mimi naigeuza miguu juu. Siku moja nilikuta kapigilia misumari ya picha kwenye ukuta niliotoka kuupiga msasa, na picha yenyewe ni yake, kavaa suti ya kipaimara. Hapo nikasema basi.

Nilipanda gari la Mbaga, nikaenda shambani kwetu, nikakata vipandikizi vya masale kwenye mpaka aliouweka babu. Kwetu mpaka wa shamba hauhitaji uzio. Hupandwa masale, ile mimea ya majani marefu, na ikishashika hakuna mkono wa mtu mmoja unaoruhusiwa kuing'oa. Wenye mpaka wakitaka kuyaondoa hushika wote wawili, wakang'oa pamoja. Anayeng'oa peke yake amejitangaza mwizi, na watu wataimba jina lake mpaka kwa wajukuu. Nilijaza udongo kwenye makopo matupu ya rangi, nikapanda, nikayapanga mstari kuanzia barazani mpaka ukuta wa jikoni. Katikati, mstari ulipita kwenye bomba la chuma linalotoka chini dukani na kutoboa dari.

Loth alirudi jioni, akasimama mlangoni kinywa wazi.

"Rogathe, una wazimu? Masale sebuleni?"

"Yang'oe."

Alicheka. Kisha akanyanyua mguu kana kwamba atalipiga teke kopo la kwanza, na mguu ukabaki hewani. Ni mzee wa usharika, anaimba besi kwaya ya kanisani, anawaambia vijana waache mambo ya mizimu. Hata hivyo aliushusha mguu taratibu, akauweka upande wake. Nilifurahi furaha mbaya, na sikuificha.

Shida ni kwamba mlango wa mbele ulibaki kwake na bafu likabaki kwangu. Mimi nikawa napanda kwa ngazi ya chuma ya nyuma, yenye kutu, inayochana sketi. Yeye akawa anateremka na taulo begani kwenda kuoga kwa Mwanaasha, mjane mwenye duka la viungo hapo chini. Mwanaasha alitukemea wote wawili.

"Nyie watoto wa mzee Eliufoo mna nini? Mtu mzima unateremka na ndala unaomba maji, na kwako bomba lipo!"

"Muulize huyo wa juu," Loth alisema.

"Mwambie aje aombe ruhusa," nikajibu kutoka dirishani.

Hakuomba. Mwanaasha akampa ndoo.

Mama aliteremka adhuhuri moja, na kikapu chake cha magimbi, kavaa kitenge kipya. Nilikuwa nimetandika kitanda chake mara tatu. Loth naye alikuwa amewasha taa zake mchana kweupe. Tulimpokea kila mmoja kutoka upande wake, yeye mlangoni, mimi nyuma ya makopo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema, lakini hakuingia. Alikuwa anayatazama masale. Macho yake yalitembea na mstari wote, kopo kwa kopo, mpaka jikoni.

"Nani kapanda?"

"Mimi, mama."

"Nawe Loth umeyaacha?"

"Nitayagusaje peke yangu, mama?"

"Haya." Akatua kikapu. "Nikilala kwa Rogathe, nimeshuhudia kwamba Loth ni mwongo. Nikilala kwa Loth, nimeshuhudia kwamba Rogathe ni mwizi. Mnataka nilale wapi, juu ya makopo?"

Akayanyooshea kidole masale.

"Shikeni wote wawili. Mng'oe, niingie nipumzike."

Loth akakunja mikono kifuani. "Aniombe radhi kwanza. Aliyeleta ndiye anayejua alichokuwa anatafuta."

"Radhi?" nilisema. "Mtu aliyenimwagia vumbi kwenye rangi? Aliyetupa kochi langu nje? Aanze yeye."

"Mimi ndiye niliyemtunza mama miaka yote!"

"Ulimtunza au alikutunza? Mpaka umeota ndevu alikuwa anakufulia!"

Tuliendelea. Tulikumbushana hata mbuzi aliyekufa tukiwa watoto. Nilikuwa na maneno mazuri sana siku hiyo, yalikuja yenyewe, na nilipogeuka kumwomba mama ashuhudie moja, mlangoni hapakuwa na mtu. Kikapu nacho kilikuwa kimeondoka.

Tulimkuta chini, kwa Mwanaasha, kwenye chumba cha stoo nyuma ya duka. Kuta hazijawahi kuona brashi. Kulikuwa na kitanda cha kamba, magunia ya bizari na karafuu, na dirisha dogo. Mama alikuwa ameshavua viatu.

"Mama, huwezi kulala humu," nilisema. "Nimekutengenezea kabati."

"Nimeliona kwa mbali. Zuri."

"Na dari yangu?" Loth akauliza.

"Nayo nzuri. Siku mkiwa tayari kushika pamoja, njooni mniambie."

Hatukuwa tayari. Wiki zikaenda. Loth alimpelekea chai asubuhi, mimi nikampelekea makande mchana, na mama alikula vyote bila kusifia hata kimoja. Mwanaasha alimnyoosha miguu, alimkumbusha vidonge, alimpeleka kliniki. Jioni nilikaa barazani nikawasikia wanacheka, mama na mtu ambaye hata si wa kwetu, na kwa wivu nikaisukuma kando sahani yangu. Nilijua Loth naye anasikia, maana alizima redio. Masale yakashika vizuri, yakatoa majani mapya.

Mama akitaka kitu aligonga lile bomba kwa mpini wa mwiko, nasi tulisikia juu. Mwanzoni ilikuwa rahisi, tulijua asubuhi anamtaka Loth wa chai na mchana ananitaka mimi. Lakini Jumamosi moja aligonga saa kumi alasiri, saa isiyo ya mtu.

Loth aliinuka. Nami nikainuka.

"Ananiita mimi," alisema.

"Kagonga upande wangu."

"Bomba lina upande gani? Lipo katikati!"

"Basi kaa chini, tusikie atamwita nani."

Likagongwa tena, polepole. Loth akasogea mlangoni. Nikamwambia akishuka yeye, mimi ndiye nitakayekuwa nimenyang'anywa mbele ya mama, na kwamba nimemzoea, kila kitu anawahi yeye. Akarudi. Akaniambia mimi ni nyoka. Nikamwambia yeye ni kupe. Tulikuwa tunapumuliana usoni, makopo yakiwa katikati yetu, na kelele zetu zilikuwa kubwa hata sikumbuki bomba lilinyamaza lini.

Kilichotunyamazisha ni sauti ya Mwanaasha barabarani, anaita bajaji.

Tulipofika chini, mama alikuwa ameshapakiwa, kichwa begani kwa Mwanaasha, midomo imepauka. Mwiko ulikuwa chini, karibu na bomba. Bajaji iliondoka bila kutungoja. Tukakimbia nyuma yake kwa miguu, mimi na Loth, bega kwa bega, hatutukanani, kwa sababu pumzi haikutosha.

Pale hospitali nesi alitoka na faili mkononi.

"Nani anakaa na huyu mama?"

Nilifungua kinywa. Loth naye alifungua chake. Kile ndicho tulichokuwa tumepigania mwaka mzima, kusema neno moja tu, "mimi", na wote wawili tulisimama pale kama bubu.

"Mimi," Mwanaasha alisema. "Mimi ndiye ninayekaa naye."

Nesi akamwita ndani. Sisi tukaambiwa tusubiri kwenye benchi, na benchi lilikuwa fupi.

Mama alipona, namshukuru Mungu. Kabla hajaruhusiwa tulirudi fleti, nikashika shina la sale la kwanza. "Shika," nikamwambia Loth. Alishika. Tukang'oa, tukaenda la pili. Mizizi ilikuwa imejaa makopo, ikabidi tuvute kwa nguvu, na tulitukanana njia nzima. Sijui kumpenda kaka yangu, na sikujifunza siku ile. Lakini tulishika pamoja mpaka la mwisho, tukafagia udongo, na sebule ikawa moja, nusu samawati, nusu yangu.

Mama alishuka kwenye bajaji taratibu, Mwanaasha kamshika kiwiko. Tulikuwa tumesimama chini ya ngazi tukimsubiri, tumevaa nguo za kanisani.

"Mmeng'oa?" akatuuliza.

"Tumeng'oa, mama," tukasema pamoja.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Vizuri," alisema. Alitutazama kwa muda, mimi, kisha Loth, na alionekana kufurahi kweli. Halafu akatupita, akaingia chumbani kwake nyuma ya duka, akafunga mlango.