Kamera Inayoangalia Katikati

Fundi Jicho alipata jina lake enzi ambazo jicho lake lilistahili jina. Alikuwa akizungusha lenzi ya kamera yake ya zamani kwa vidole viwili, anachungulia, anasema "hapo hapo," na picha ikitoka ungeweza kuhesabu kope za bibi harusi. Miaka thelathini. Watu walipita studio tatu zenye taa kali ili waje kwenye chumba chake kimoja chenye pazia la kijivu na kigoda kinachoyumba. Na jicho hilo hilo ndilo lililoamua kumgeuka uzeeni.

Ukungu uliingia kidogo kidogo, kama mgeni anayeomba kulala siku mbili tu. Kwanza taa zikaota ndevu. Halafu herufi za gazeti zikashikana. Halafu wateja wawili, mmoja baada ya mwingine, wakarudisha picha zao na kumwambia kwa heshima kwamba labda mashine imechoka. Mashine! Mashine ilikuwa nzima kabisa. Kilichochoka alikijua mwenyewe, akakinyamazia kama mtu aliyekalia mwiba mbele ya wakwe. Na badala ya kwenda kwa daktari, mwanamume huyu mwenye akili zake timamu alikwenda kwa mwuza kamera.

Akarudi na kitu ambacho hakuwahi kukishika maishani. Ilikuwa kamera ya filamu, tena ile filamu pana, ambayo kila picha yake ni kubwa kama kasha la kiberiti. Lakini ajabu yake haikuwa hiyo. Ajabu ni kwamba ilijilenga yenyewe. Ukibonyeza kitufe nusu, lenzi inanguruma "zii," inazunguka bila kuguswa na mtu, kisha ndani ya kitundu cha kuchungulia kinawaka kitone cha kijani: nimeona. Ukimalizia kubonyeza, kioo kinapiga "tapa!" na mota inavuta filamu mbele. Mara ya kwanza alipomwelekezea mkewe na kile kitone kikawaka katikati ya ukungu wake, mwili ulimsisimka. Alijisikia kama mtu aliyeshikwa mkono na kuvushwa barabara.

Mkewe, ambaye ndiye aliyefuta madoa kwenye picha kwa brashi nyembamba na kuandika majina kwenye bahasha, aliipokea kama mke mkubwa anavyompokea mdogo.

"Haya, mwenzangu ameingia," alisema. "Anakula nini?"

"Betri sita."

"Kwa mwaka?"

"Inategemea."

"Na filamu moja anatoa picha ngapi?"

"Kumi na tano."

"Kumi na tano tu! Na filamu yenyewe inatafutwa kama maji jangwani." Akainyanyua, akairudisha mezani upesi. "Mume wangu, hii si kamera, hili ni tofali lenye jicho. Na akiugua, nani wa kumtibu?"

Fundi Jicho akaifuta lenzi kwa shati. Kamera ya zamani ukiifungua unakuta springi na magurudumu, unalijua kosa lake kwa kulisikiliza tu. Hii mpya ndani ilikuwa na vibao vya kijani vyenye nyaya kama nywele; siku ikigoma, imegoma. Tena kwenye mwanga hafifu ilipata wasiwasi, lenzi ikaenda mbele ikarudi nyuma, zii-zii-zii, kama mtu aliyesahau alichokifuata jikoni.

Lakini wewe! Filamu ya kwanza ilipokauka akakuza picha ya mwashi mmoja wa jirani, akaiweka ukutani, na yeye mwenyewe, na macho yake yale, akaliona vumbi la saruji kwenye nyusi za yule mwashi. Punje kwa punje. Alisimama mbele ya picha ile mpaka chai ikapoa. Hakujua afurahi au aone haya, maana aliyeiona saruji ile wakati wa kupiga si yeye, ni mashine.

Mwuza kamera alikuwa amempa neno moja. "Inaangalia katikati," alimwambia. "Kuna kiboksi kidogo katikati ya kioo. Kilichomo kwenye kiboksi ndicho inachokilenga, vingine haivijali." Fundi Jicho akaitikia ndiyo, ndiyo. Miezi minne akapiga watu mmoja mmoja kwenye kile kigoda, kila pua ikaangukia kwenye kiboksi yenyewe, na lile neno likamtoka kichwani.

Kisha mama yake akamwita.

"Dada yangu anakuja Alhamisi kuniaga," mama alisema. "Ijumaa anapanda ndege, anakwenda kukaa kwa binti yake huko mbali. Ana miaka themanini na minne. Unajua maana yake."

"Najua, mama."

"Nataka picha yetu wawili. Sina hata moja tangu tuwe watu wazima. Na isiwe ya simu. Za simu mnanionyesha mara moja, halafu mnazipeleka mnakokujua wenyewe."

Neno hilo lilimwingia kifuani likakaa. Maana mama na mama mkubwa hawakuwa wamekaa kitako pamoja kwa miaka kumi na moja, na sababu ilikuwa yeye. Wezi walipovunja studio yake na kuchukua mashine ya kukuzia picha, mama, bila kumwuliza mtu, aliuza cherehani ya marehemu bibi ili mtoto wake anunue nyingine. Mama mkubwa alipokuja akakuta kona iko tupu, hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe mama yetu alikuwa wako peke yako," akachukua mkoba wake. Tangu siku hiyo zilikuwa salamu za kupitia watoto.

Alhamisi akaibeba kamera mpya, filamu moja na betri sita mpya. Ile ya zamani aliiacha kabatini, na moyo wake ulimwuma alipofunga mlango. Alijua kwa ile ya zamani angepata vivuli viwili. Hakumwambia mtu.

Wazee wale walikuwa tayari sebuleni, kwenye kochi lililosogezwa kwenye kona ile ile ya cherehani, kwa kuwa ndipo penye mwanga wa dirisha. Mama kavaa gauni la bluu lenye vifungo mbele. Mama mkubwa, na gauni lake la kahawia, kakaa wima, mkoba mapajani kama anayesubiri kuitwa ofisini. Na kati yao palikuwa na nafasi ya ngumi mbili, pengine na nusu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umenenepa."

Basi. Kila mpiga picha ana kauli yake. Kauli ya Fundi Jicho, aliyoisema kwenye harusi na mahafali zaidi ya alivyosema jina lake, ilikuwa: "Sogeeni, sogeeni, hamjagombana!" Watu hucheka, husogea, picha hutoka. Siku hiyo kauli ilimfika kooni ikageuza. Angewaambia nini wale wazee wawili, yeye, tena yeye? Akapiga goti, akachungulia.

Aliona ukungu wa bluu na ukungu wa kahawia. Akabonyeza nusu. Zii. Kitone cha kijani kikawaka bila kusitasita hata kidogo. Alishukuru kimoyomoyo. Tapa! Akapiga ya pili, ya tatu, akawaomba waangalie dirishani, wamwangalie yeye, waweke mikono hivi. Walitii kama wanafunzi, kila mmoja upande wake. Kila mara kitone kiliwaka, na kila mara alikiamini. Aliyepiga picha miaka thelathini hakujiuliza hata mara moja kile kiboksi kimeangukia wapi. Hofu ilikuwa imemshika. Na mwenye hofu akionyeshwa taa ya kijani, anaivuka.

Alipokwisha kupiga ya kumi na nne, mama mkubwa aligeuka ghafla.

"Mdogo wangu, hiki kifungo kilichoning'inia kakushonea nani? Adui yako?"

"Nimeshona mwenyewe, kwa mkono," mama alijibu. "Cherehani si niliiuza?"

 Fundi Jicho alitamani sakafu ifunguke. Kisha zikasikika sauti mbili, moja ya puani na nyingine ya kifuani, na akatambua kwamba wanacheka. Wanacheka kweli, mpaka mkoba ukaanguka. Mama mkubwa akainama kwenye kifua cha mdogo wake aukate uzi kwa meno, mama akainamisha kichwa, na ule ukungu wa bluu na ule wa kahawia vikawa kitu kimoja. Kidole kikabonyeza chenyewe. Zii. Tapa! Mota ikalia kwa kirefu, ikamalizia kuviringisha filamu.

Mchana huo huo akaisafisha. Ilipokauka, akailaza juu ya kioo chenye taa, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akaangalia. Hakuona kitu cha kuapia. Akamwita mkewe.

"Hebu nitazamie. Vumbi limeniingia."

Mke akainama, akasogeza kioo kutoka picha hadi picha. Alichukua muda.

"Mbona ukuta umetoka vizuri hivi?" akauliza.

"Ukuta gani?"

"Wa nyuma yao. Naona mpaka brashi ya rangi ilipopita. Kuna alama nyeusi, kama nusu duara..."

"Gurudumu la cherehani," alisema taratibu. "Mafuta yake. Mama kapaka rangi mara mbili, bado yanatokeza. Na nyuso?"

"Nyuso ni ukungu, mume wangu. Hii pia. Na hii."

Hapo ndipo lile neno la mwuza kamera lilipomrudia. Inaangalia katikati! Na katikati ya wale wawili alikuwa ameiacha nafasi wazi yeye mwenyewe, kwa woga wake, na mashine imepita kwenye nafasi hiyo moja kwa moja hadi ukutani. Alikaa kwenye kigoda. Kesho saa sita mama mkubwa atakuwa angani, na mama hatapata tena ile picha aliyoitaka. Aliogopa kuliko siku walipomvunjia studio.

"Si vumbi," akasema. "Macho yangu yamekwisha. Sikuona kama wametoka vibaya. Sioni kitu kwenye kile kitundu, naona kitone tu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Juzi uliliamkia koti langu pale mlangoni. 'Shikamoo,' halafu ukasimama ukingoja likuitikie."

Alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, mkewe akamshika bega. "Mbona hukusema?" akauliza mume.

"Nilisubiri useme wewe. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe unataka kuumbuliwa na koti." Alirudi kwenye kioo, akasogea hadi mwisho wa filamu. Akainama tena, karibu zaidi. "Njoo," akasema kwa sauti ndogo. "Ya mwisho. Ee, njoo."

Wakaingia chumba cha giza. Mke ndiye aliyelenga mashine ya kukuzia, ile ile iliyonunuliwa kwa cherehani. Mume akahesabu sekunde kwa mdomo. Wakaitumbukiza karatasi kubwa kuliko zote kwenye beseni la dawa, chini ya taa nyekundu, na wote wawili wakainama.

Kwanza ulitokea uzi. Sijui kwa nini uzi, lakini ndio uliotangulia, mwembamba, umekaza kati ya kifungo na meno. Kisha nywele nyeupe za vichwa viwili, zimeingiliana. Kisha makunyanzi, mamia, kila moja na kivuli chake, na jicho la mama limefumbwa kwa kicheko na tone la chozi pembeni ya kope, zima, halijaanguka. Karatasi ilizidi kujaa na haikuisha kujaa. Fundi Jicho aliinama hadi pua ikakaribia kugusa dawa. Amepiga picha maelfu, na alisimama pale kama siku ya kwanza aliyoona sura ikitoka kwenye karatasi tupu.

"Mungu wangu," mkewe alisema. "Hata kovu la sindano kwenye kidole."

Asubuhi waliipeleka. Mabegi yalikuwa mlangoni. Wale wazee walilala chumba kimoja, na kwa macho yao mekundu na nguo zile zile za jana ilionekana hawakulala. Mama aliishika picha kwa mikono miwili. Mama mkubwa akaitazama kwa muda mrefu.

"Umeikuzia kwa mashine ipi?"

Aliinamisha kichwa. "Ile iliyotokana na cherehani, mama mkubwa."

"Hm." Akapitisha kidole juu ya ule uzi. "Basi cherehani ya mama bado inafanya kazi." Halafu akaona kwapani mwa mpwa wake bahasha ya zile kumi na nne nyingine, walizozichapa ndogo usiku ule. "Na hizo?"

"Zimeharibika. Mashine imeangalia katikati yenu, ikauona ukuta."

Alizitoa moja baada ya nyingine, akaishia kwenye moja: wazee wawili wa moshi, na kati yao ile alama nyeusi, safi kama imechorwa leo. "Hiyo kubwa mwachie mdogo wangu," alisema. "Mimi nitakwenda na hii. Siku nikianza kununa huko, nitaitazama nikumbuke nilivyokuwa miaka kumi na moja." Kisha akamkazia macho. "Lakini wewe ndiye Jicho. Mashine haina akili, sawa. Wewe hukuona?"

Angeweza kusema mwanga. Angeweza kusema betri.

"Siwaoni, mama mkubwa," akasema. "Hata sasa. Mama, siwaoni."

Hakuna aliyepiga mayowe. Aliwasikia wakinyanyuka kwenye kochi, mmoja akimshika mwenzake mkono, miguu minne ikiburuta polepole kwenye sakafu. Ule ukungu wa bluu na ule wa kahawia ukaja, ukakua, mpaka nyuso mbili zilizogusana mashavu zikafika umbali wa shubiri moja kutoka kwenye uso wake.

"Na sasa?" mama akauliza.

"Sasa nawaona," alisema.