Uso wa Bi Rukiah

Studio ya Shamirah pale Kibuli ilisifika kwa jambo moja: hakuna aliyeingia akatoka na uso wake. Chunusi, makunyanzi, makovu, vyote alivifuta kwenye kompyuta bila kuulizwa, na wateja walirudi wakicheka. Basi Mzee Sulaimani alipomletea picha ya mama yake, Bi Rukiah, ajuza aliyeanza kusahau na aliyetoka nyumbani asubuhi ile asirudi, Shamirah aliifanyia kama alivyozoea. Picha yenyewe ilikuwa kuukuu, imechubuka kila mahali. Aliisafisha ikang'aa, akachapisha karatasi mia mbili za "Anatafutwa", na wana wa Sulaimani wakazibandika mjini kote. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Juu ya wema usiotumwa walinyamaza.

Siku ya tatu Sulaimani, aliyekuwa akizunguka hospitalini muda wote huo, aliingia na karatasi moja aliyoibandua ukutani.

"Shamirah, hii ni mama ya nani?"

"Ni mama yako, mzee wangu. Nilimsafisha kidogo tu."

"Mama yangu iko na wanileveni." Akajichora kwa kidole mistari mitatu kila shavu.

Shamirah akaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, ya asili kushoto, yake kulia, akazikuza mpaka mashavu yakajaa skrini. Kushoto zilikuwepo chale, tatu huku na tatu huku, zimesimama wima kama namba 111, ndizo hizo wanileveni, alama ya Wanubi wa zamani. Yeye alizidhania mikwaruzo ya karatasi. Kulia alikuwapo bibi mwenye mashavu laini ambaye hajapata kuzaliwa. Akaanza kuomba radhi.

Simu ya Sulaimani ikalia, naye akaiweka spika. Alikuwa mwanamke aitwaye Aol, muuza chai wa Kasubi.

"Mzee, nimeona karatasi yenu. Jana bibi moja alikaa kwangu, amevaa gurbaba ya kijani kama mumeandika. Lakini iko na wanileveni, nikasema si yeye. Nikamuacha aende."

"Hukumuuliza?" Sulaimani alisema taratibu.

"Nilimuuliza, mzee. Nikamuonyesha hii picha, ni wewe? Akaiangalia sana. Akasema, huyu mimi simujui."