Mstari Ulioachwa Wazi

Mutoni aliacha shule darasa la nne, lakini tarakimu alizijua vizuri, na ndiyo maana kazi ya ubao ikawa yake. Ubao huo ulisimikwa mtoni, kwenye kivuko cha kijiji chao huko Nzahaha, umechorwa mistari ya kupima kina cha maji. Kwa miaka mitatu alishuka kila asubuhi, akatazama, akaandika kwenye daftari.

Leo daftari lilikuwa mikononi mwa Hugues, injinia kutoka Kamembe. Bajeti ya wilaya ilikuwa inafungwa Ijumaa, naye alitakiwa kusema kama kivuko kijengewe daraja au kiwekewe makalaveti tu, yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara.

"Maji yaliyopanda kuliko yote ni mita moja na arobaini," alisema. "Kwa hayo, makalaveti yanatosha."

Mzee Sibomana, mkuu wa kijiji, alicheka bila furaha. "Injeniere, hiyo maji yako haifike hata kwa kidevu yako, na wewe ni mufupi! Yetu ilibeba ng'ombe. Ilibeba batu."

"Mzee, nikipeleka maneno, wataniuliza namba." Hugues akafunua ukurasa mwingine. "Hapa, tarehe tatu mwezi wa tano, mwaka jana, hakuna kitu. Nani anaandika?"

Watu wakageuka. Mutoni alikuwa anatazama viatu vya injinia, tope limefika kwenye kamba.

"Ni mimi, Papa," Mutoni alisema kwa heshima.

"Ile siku haukuja?"

"Nilikuja."

"Sasa mbona haukuandika?"

"Wenye walinipa kazi walisema niandike tu kile naona. Ubao ulikuwa chini ya maji. Sikuuona."

Hugues alieleza kwamba mstari ulioachwa wazi hauhesabiwi; ofisini ni kama siku hiyo haikuwapo. Mutoni alisikia, wala maneno hayo hayakumchoma. Tangu siku ile mambo mengi yalimfikia hivyo, kwa mbali, kama redio ya jirani.

"Mita moja na arobaini," Sibomana akarudia, akatema mate. "Basi Mbarushimana alikufa kwa kupenda."

Mbarushimana alikuwa baba yake Mutoni, na mto ulimchukua siku ile. Mzee akakumbuka, akavua kofia. "Unisamehe, mwanangu."

Mutoni alinyoosha mkono juu, kwenye mkuyu ulioinamia mto.

"Ile koti ni yake. Maji ndiyo iliiweka pale. Hakuna muntu alipanda."

Koti la mvua la bluu lilikuwa limenasa kwenye tawi. Kijiji kizima kililijua. Walipita chini yake wakienda sokoni, na hakuna aliyelitaja, kwa ajili ya Mutoni. Yeye mwenyewe hakuwa ametazama juu tangu mazishi.

Hugues aliomba ngazi, akapanda mpaka usawa wa koti, akateremsha utepe wa kupimia. Mutoni aliingia majini, akashika ncha yake usawa wa kitako cha ubao, pale mistari inapoanzia.

"Mita tatu na sitini!" Hugues akasoma kutoka juu.

"Sasa utatuombea daraja?" Sibomana akapaza sauti.

"Kwa hii, ndiyo," Hugues akajibu, kisha akamtazama Mutoni. "Maman, nikushushie koti?"

"Liache. Wakubwa wako watakuja kuangalia."

Hugues aliposhuka alimpa Mutoni kalamu. Mutoni akaandika 3.60 kwenye mstari wa tarehe tatu, kwa mwandiko uleule wa siku nyingine zote. Kisha akautazama ubao. Sentimita thelathini na tano. Akaandika na hiyo pia, kwenye mstari wa leo, kwa kuwa ya asubuhi hii alikuwa hajaiandika bado.